Kidhibiti Madirisha Chepesi: Mzigo Unahamia Wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, haipokei kila mashine. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa mtumba Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, zile Dell OptiPlex na HP Compaq zilizostaafishwa katika maofisi ya Ulaya, hazifikii masharti hayo. Basi wajuzi wa kompyuta wamerudi na ushauri wao wa siku zote: weka Linux, achana na eneokazi zito, sakinisha kidhibiti madirisha chepesi, mashine itafufuka.

Ushauri huo si wa uongo, ila umekaa upande mmoja. Eneokazi kamili lina kazi kadhaa linazozifanya kimyakimya, na ukiliondoa kazi hizo hazifutiki, zinamwangukia mtu. Kabla ya kuhesabu megabaiti zitakazookolewa, inafaa kujua mtu huyo ni nani, na kama atakuwepo mwakani.

Tuanze na chombo chenyewe. Katika Linux na jamaa zake, kuchora kwenye skrini kulikuwa kwa miaka mingi kazi ya mfumo wa X, ulioanzishwa MIT mwaka 1984 na kufikia toleo la 11, linalotumika hadi leo, mwaka 1987. Waasisi wake waliamua jambo moja lililozaa mengine yote: X itatoa nyenzo, haitaamuru zitumikeje. Seva ya X inajua kuchora, kupokea mibonyezo ya kibodi na kufuatilia kipanya. Haijui kitufe cha kufunga dirisha ni kitu gani, wala haina maoni kuhusu dirisha lipi lije mbele ukibofya. Hayo yameachiwa programu nyingine ya kawaida kabisa, ambayo huiomba seva ruhusa ya kuyaona maombi ya wenzake kabla hayajatekelezwa. Kivinjari kikitaka kufungua dirisha, ombi linapita kwanza kwa kidhibiti, nacho kinaamua likae wapi, liwe na upana gani na livikwe fremu ipi. Ruhusa hiyo hutolewa kwa programu moja tu kwa wakati mmoja, ndiyo maana ukiwasha kidhibiti cha pili kinalalamika kwamba kuna mwenzake kazini, kisha kinajiondokea.

Utengano huu unaonekana kwa macho. Ukiwa ndani ya eneokazi la Xfce, fungua waraka wa LibreOffice, andika sentensi nusu, kisha nenda kwenye dirisha la amri uandike `openbox --replace`. Fremu zinatoweka, kufumba na kufumbua zinarudi na sura nyingine, na sentensi yako iko palepale ulipoiachia. Kidhibiti kimebadilishwa na programu zenyewe hazina habari.

Kwa uhuru huo kila mwenye hamu aliandika chake. Tom LaStrange alitoa twm mwaka 1987. Mwaka 1993 Robert Nation aliichukua twm, akaipunguzia ulafi wa kumbukumbu, ikawa fvwm. Mwaka 1997 zilizaliwa IceWM ya Marko Maček na Blackbox ya Brad Hughes. Katika ukoo wa Blackbox wakaja Fluxbox na Openbox, na hii ya mwisho baadaye ikaandikwa upya kabisa. Wengi wa waandishi hao hawakuwa wakitengeneza chombo cha kufufulia mashine zilizochoka. Walikuwa wakiandikia kompyuta mpya za siku zao. Programu zao zinaitwa nyepesi leo kwa sababu kila kilichozizunguka kimenenepa.

Kilichonenepa zaidi ni eneokazi. KDE iliyoanza mwaka 1996 na GNOME ya mwaka 1997 zilikuja na nia ya kumpa mtumiaji kila kitu kwa mkupuo: fremu, upau, kipanga faili, mipangilio, sauti, mtandao, kioo cha kufungia skrini. Nia njema, na sina ugomvi nayo. GNOME 3, iliyotoka Aprili 2011, ilikwenda mbele zaidi kwa kukifunga kidhibiti madirisha pamoja na kompozita, yaani programu inayounganisha picha za madirisha kabla hazijafika kwenye skrini. Uzito mwingi unaolalamikiwa umekaa hapo, na unahesabika.

Bila kompozita, dirisha huchorwa moja kwa moja kwenye skrini. Lililofunikwa likifunuliwa, seva huiambia programu husika ichore upya sehemu iliyokuwa imefichwa. Kompozita hufanya vingine: hutunza picha kamili ya kila dirisha pembeni, kisha huziunganisha zote mara kadhaa kwa sekunde. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kila pikseli huchukua baiti 4. Dirisha moja lililojaza skrini ni takriban megabaiti 8.3, madirisha kumi ni 83, na programu zenyewe bado hazijahesabiwa. Kwa mashine ya GB 8 hiyo ni chenji. Kwa ya GB 2 inauma, ingawa si hiyo inayoumiza zaidi. Kuunganisha picha ni kazi ya chipu ya michoro, na chipu ikiwa kongwe mno au ikikosa draiva ya kufaa, kazi nzima inahamishiwa prosesa kuu kupitia programu iitwayo llvmpipe. Hapo ndipo unaposogeza dirisha ukaliona linakuja nyuma ya kipanya kwa kujikokota, feni inavuma, na kompyuta haijafanya kazi yoyote ya maana. Mashine hiyohiyo chini ya Openbox tupu husogeza dirisha bila shida, kwa kuwa hakuna cha kuunganishwa.

Ongeza huduma za nyuma ya pazia: ile inayoorodhesha mafaili ili utafutaji uwe wa haraka, ya kalenda, ya akaunti za mtandaoni, ya kukagua masasisho. Kwa makadirio, eneokazi kamili la GNOME hukaribia gigabaiti moja au kuipita kabla hujafungua chochote, wakati mfumo wa Linux uitwao Debian, ukiwa na Openbox na upau mdogo, hutulia kati ya megabaiti 200 na 350. Openbox yenyewe ni sehemu ndogo tu ya hizo. Nusu gigabaiti na ushei imeokolewa.

Sasa fungua kivinjari. Barua pepe, WhatsApp ya kwenye wavuti na tovuti moja ya habari iliyosheheni matangazo ya video, na nusu gigabaiti ile imekwenda. Kidhibiti madirisha hakina la kufanya hapo. Kazi yake ni fremu, na kilichomo ndani ya fremu hakikihusu. Vilevile kama diski ni ya sahani inayozunguka, dakika unazosubiri mashine iwake ni za mkono wa diski unaohangaika huku na huko, na hakuna fremu nyembamba itakayouharakisha. Mwenye fedha ya kitu kimoja anunue SSD. Akipata ya pili aongeze RAM. Kisha awashe zram, iliyo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014, ambayo huibana kumbukumbu isiyotumika humohumo ndani ya RAM badala ya kuipeleka kwenye diski. Kidhibiti madirisha nakiweka nafasi ya nne, na najua wapenzi wake watanuna.

Tuseme hayo matatu yamekwisha. Mezani kuna OptiPlex 780 yenye Core 2 Duo na GB 4, mashine ya biti 64, kwa hiyo Debian 13 inaikubali. (Pentium za zamani za biti 32 zisahau: toleo hilo la Agosti 2025 halina tena kisakinishi chao.) Wakati wa kusakinisha, orodha ya maeneokazi inapotokea, ondoa alama kwenye yote. Mashine itawaka na kukupa maandishi meupe kwenye giza, ikikuuliza jina. Ingia kwa mamlaka ya msimamizi, andika:

`apt install xorg openbox tint2 pcmanfm feh lxterminal network-manager-gnome`

Kisha rudi kwenye akaunti yako ya kawaida, tengeneza faili liitwalo `.xinitrc` lenye mstari mmoja, `exec openbox-session`, na uandike `startx`. Utaona skrini ya kijivu iliyokolea na mshale wa kipanya. Hakuna upau, hakuna saa, hakuna aikoni hata moja. Mgeni atadhani usakinishaji umegoma. Haujagoma, bofya kitufe cha kulia cha kipanya na menyu itachomoza palepale mshale ulipo.

Kuanzia hapo kazi iko ndani ya mafaili matatu yanayokaa kwenye folda ya `~/.config/openbox`. La kwanza, `autostart`, linataja vitu vya kuwashwa kila unapoingia:

`tint2 &`
`feh --bg-scale ~/Picha/bahari.jpg &`
`nm-applet &`

Mstari wa kwanza unaleta upau, wa pili picha ya nyuma, wa tatu kialama cha mtandao. Ile alama ya & mwishoni ndiyo inayowatesa wageni. Maana yake ni kwamba programu iachwe iendelee kivyake na mstari unaofuata usomwe. Ukiisahau kwenye tint2, mfumo unangoja tint2 imalize ndipo uendelee, na tint2 haimalizi mpaka unazima kompyuta. Upau utauona, picha na kialama hutaviona, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia kwa nini.

La pili, `rc.xml`, ni la tabia: upana wa fremu, idadi ya maeneokazi ya ziada, vitufe vya mkato. Ndani yake `W-l` ni kitufe chenye nembo ya Windows kikibonyezwa pamoja na herufi l, na unaweza kukifungamanisha na `i3lock` ili skrini ijifunge, mradi umeisakinisha. Ukisahau kufunga tagi moja, faili halisomeki. Ukiisha kuhariri, `openbox --reconfigure` inaleta mabadiliko bila kutoka kwenye kikao.

La tatu, `menu.xml`, ndilo nilipendalo, kwa sababu ile menyu ya kitufe cha kulia unaiandika mwenyewe kwa maneno yako. Hakuna anayekuzuia kuandika `<item label="Andika barua">` na kuielekeza LibreOffice, kisha "Skani", "Fungua flashi", "Zima kompyuta". Juhudi za kuzifanya programu ziseme Kiswahili ni za muda mrefu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika ile iliyotupatia Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini hapa huhitaji kumngoja mtafsiri. Menyu ya mistari mitano, Kiswahili kitupu, ni kazi ya robo saa.

Halafu upungufu unaanza kujitokeza, mmoja baada ya mwingine, na kwa kawaida hutokea siku unapokuwa na haraka. Unachomeka flashi, kimya: inatakiwa huduma ya kuitambua, na wakala wa kuuliza nenosiri pale ruhusa inapohitajika. Kitufe cha sauti kwenye kibodi hakiongezi sauti, kwani hakuna aliyekifundisha. Programu inatuma taarifa, haionekani popote, mpaka usakinishe kitu kama dunst. Printa inataka CUPS na dirisha la kuisanidi. Skrini inajizima katikati ya filamu, ama haijifungi kabisa ukiondoka. Kila tundu lina kiraka chake, na viraka vyote ni vya bure. Ila lazima mtu ajue kwamba tundu lipo, ajue jina la kiraka, na akumbuke amekishonea wapi.

Ipeleke mashine hiyo steshenari. Wahudumu wawili wanapokezana zamu, wateja wanakuja na flashi zenye barua za kuchapishwa, fomu za mikopo ya wanafunzi zinajazwa mtandaoni, na pasipoti saizi zinangojewa. Flashi isiyofunguka ni mteja aliyevuka barabara kwenda kwa jirani. Fundi aliyeisanidi alifanya kazi nzuri na mashine inakimbia, lakini yeye amekwishahamia Mwanza, na siku printa mpya itakaponunuliwa hakuna anayejua hata kwamba kuna folda inayoitwa `.config`, ambayo kwa sababu ya kile kinukta cha mwanzo haionekani mpaka uombe uonyeshwe mafaili yaliyofichwa. Mzigo alioutoa kwenye RAM aliuacha kichwani mwake, na kichwa chake hakiko dukani.

Kwa anayetumia kompyuta peke yake, hesabu inageuka. Mwandishi, mtunza hesabu au mwanafunzi wa programu atalipa gharama mara moja na kisha ataachwa kwa amani. Toleo la mwisho la Openbox, 3.6.1, lilitoka mwaka 2015. Mipangilio iliyoandikwa wakati huo inafanya kazi leo bila kuguswa. Katika miaka hiyohiyo maeneokazi makubwa yamehamisha menyu, yamefuta vitufe na kuwafundisha watumiaji wao upya si mara moja. Uthabiti huu hausifiwi vya kutosha, na kwangu unazidi zile megabaiti. Ni kweli pia kwamba programu ambayo haijatolewa upya kwa muda mrefu hivyo inategemea huruma ya wachache wanaoirekebisha pale maktaba zinapobadilika.

Kuna tawi jingine ambalo vijana hulikimbilia wakiona picha zake: vidhibiti vinavyopanga madirisha ubavu kwa ubavu bila kufunikana. Humo wamo dwm ya mwaka 2006, ambayo waandishi wake walijiwekea kikomo cha mistari 2,000 ya msimbo, na i3 ya Michael Stapelberg ya mwaka 2009. dwm haina faili la mipangilio kabisa. Ukitaka kubadilisha rangi ya fremu unahariri faili la lugha ya C na kuikompaili programu upya. Kwa anayejifunza, ni shule nzuri. Kumwekea shemeji yako ni ukatili. Na kwenye skrini ya zamani ya 1280 kwa 1024, madirisha matatu ubavu kwa ubavu huwa vipande vyembamba visivyosomeka, kwa hiyo utaishia kulitanua moja lijaze skrini, jambo ambalo hata twm inaliweza.

Suala zito zaidi ni kwamba ardhi yenyewe inahama. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha Wayland, itifaki inayoondoa ule utengano wa asili. Ndani ya Wayland seva, kidhibiti madirisha na kompozita ni programu moja. Jaribio la `--replace` halina mahali, na programu hiyo ikianguka, kwa kawaida madirisha yote huanguka nayo. Ni hasara, na wazee wa X wana haki ya kuilalamikia. Lakini wanaolalamika husahau kwamba katika X programu yoyote iliyo kwenye kikao chako inaweza kusikiliza herufi unazoandika ndani ya programu nyingine, nenosiri la benki likiwemo. Wayland imeufunga mlango huo. GNOME 49 ya Septemba 2025 ilikuja na kikao chake cha X kikiwa kimezimwa tangu kiwandani, na hakuna dalili kwamba wengine watarudi nyuma.

Kwa wepesi, ishara iliyo wazi imetoka kwenye Raspberry Pi OS, mfumo wa zile kompyuta ndogo za Uingereza ambazo RAM yake ni haba kwa asili. Kwa miaka mingi ulitegemea Openbox. Oktoba 2024 ulihamia labwc, kidhibiti cha Wayland kilichoandikwa kwa makusudi kifuate nyayo za Openbox hadi kwenye mafaili: `rc.xml` na `menu.xml` vinaeleweka humo kwa sehemu kubwa. Kinachokizunguka ndicho kinachobadilika, maana tint2, feh na i3lock ni vya X, na nafasi zao zinashikwa na waybar, swaybg na swaylock.

Basi nani achague nini? Mashine ya watu wengi yenye GB 2 hadi 4 ningeiwekea eneokazi jepesi la LXQt. Hutumia Openbox bila matatizo, na kwa megabaiti mia moja au mbili zaidi unapata flashi zinazofunguka, vitufe vya sauti, taarifa, na dirisha la mipangilio ambalo mhudumu anaweza kulipata bila kumpigia fundi. RAM ikiwa GB 1, IceWM ni bora kuliko Openbox tupu, kwa vile upau, saa na menyu vimo ndani yake tangu mwanzo. Mfumo wa Linux uitwao antiX huja nayo ikiwa imesanidiwa tayari. Chini ya hapo kivinjari cha leo hakikaliki, na kompyuta ibaki ya kuandika na kuchapisha. Openbox tupu na jamii ya dwm ningewaachia wanaozitunza mashine zao wenyewe.

Na fundi anayeshikilia kuweka Openbox dukani, haidhuru, alimradi anakili `autostart`, `rc.xml` na `menu.xml` kwenye flashi ya mwenye duka na kuandika kwenye karatasi yanakokaa. Yote matatu kwa pamoja hayafiki ukubwa wa picha moja ya simu. OptiPlex ikifa na nyingine ikaletwa, fundi yeyote atayarudisha kwa dakika chache, na hata akiwa amehamia labwc, kikubwa atakachoandika upya ni `autostart`.